Ng'ombe wa Zizi Aliyetolewa Mahari

Vijana wa ofisini, mliniaga kwa soda, keki na saa ya ukutani. Nawashukuru. Saa nimeitundika sebuleni hapa Morotonga, na mke wangu ndiye anayeitazama, kwa sababu mimi sasa sina pa kuwahi. Siku ile mmoja wenu, yule wa tai ndefu, alinisihi niandike nilivyoweza kusimama mahakamani miaka yote nikitetea mabenki, vyama vya akiba na mifuko ya pensheni, wateja ambao hakuna jaji anayewaonea huruma. Mjane akilia mbele ya jaji, kila mtu anatafuta leso. Benki hailii. Basi nitaandika, ila kama mnatarajia habari za vyeo na mishahara, funikeni karatasi hizi mkale chakula cha mchana. Mimi nitasema habari za ng'ombe.

Kazi hii sikuianzia ofisini kwenu Mwanza, na sikuianza nikiwa wakili. Niliianza Tarime, miaka ya hamsini mwanzoni, nikiwa kijana mwenye baiskeli na kelele nyingi. Wanaume wa kwetu waliokuwa wamekwenda kuchimba dhahabu walikuwa wakirudi nyumbani wamezeeka kabla ya uzee: vifua vinakohoa, mikono inatetemeka, mfukoni hamna kitu. Karani wa serikali alikuwa na pensheni yake. Mchimbaji alikuwa na kikohozi chake.

Ndipo baadhi yao wakaanzisha chama, wakakiita Zizi. Kila aliyejiunga alitoa mtamba mmoja. Mitamba wale hawakuwekwa pamoja, maana kwetu mtu mwenye akili haweki ng'ombe wake wote katika boma moja. Wezi wakija, au ugonjwa ukija, unaamka maskini. Waligawiwa kwa watu wa kuwatunza, wengine huku Tarime, wengine ng'ambo ya Mto Mara huko Mbalibali, wengine mpaka Ikoma kwenye simba. Mwanachama akiishiwa nguvu, Zizi lilimpa ng'ombe wa maziwa. Alikunywa maziwa yake mpaka siku ya kufa. Mkewe akibaki, naye alikunywa mpaka siku yake. Kisha ng'ombe alirudi Zizini akapewe mzee mwingine. Hakuuzwa, hakuchinjwa, hakurithiwa, hakutolewa mahari. Alama yake ilikuwa masikioni: yote mawili yamekatwa ncha, na la kushoto limepasuliwa katikati. Hiyo ndiyo pensheni ya kwanza niliyoitetea maishani mwangu, na ilikuwa na mkia.

Tatizo lake nadhani mmeshaliona. Ng'ombe akikaa katika boma la mtu miaka na miaka, watoto wanakua wakimwona ni wa baba yao. Baba akifa, watu wa Zizi wakija kumchukua, mapanga yanatoka. Kesi zilikwenda kwenye baraza, mbele ya chifu na wazee wake, na mawakili hawakuruhusiwa kuingia mle. Kila upande ulijisemea. Kwa hiyo Zizi lilikuwa na msemaji, Mzee Nyamhanga, aliyekuwa nyapara mgodini, mtu mrefu mwenye kigoda chake cha miguu mitatu ambacho hakumwachia mtu kukikalia. Nasikia siku hizi mawakili mnagombania viti vya kuzunguka. Mzee alishinda kesi akiwa amekalia kitu ambacho ungekiweka chini ya sufuria.

Siku ya kwanza, nilipokwenda kumwomba kazi, nilimkuta nyumbani kwake anakula.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mura," akaniita, yaani kijana, "unaweza kukaa kimya?"

"Naweza, mzee. Naweza kabisa, hata shuleni mwalimu alikuwa—"

"Umeshindwa," akasema.

Mkewe, Mama Nyangi, alicheka mpaka akaweka bakuli chini. "Mwache aje," akasema. "Ana baiskeli. Kimya atajifunza, baiskeli hutamfundisha." Akanipa ugali wa mtama na mtindi. Mama Nyangi ndiye aliyeniajiri, na hilo nililisema hata mbele ya mzee mwenyewe, naye hakubisha.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenda kwa jamaa mmoja aitwaye Marwa, aliyekataa kutoa ng'ombe wa Zizi baada ya baba yake kuzikwa. Mzee aliniambia hivi: "Nenda ukasikilize kesi yake, urudi unisimulie." Nikaenda, nikasikiliza, nikarudi mbio.

"Mzee, yule ni mwongo."

"Nilikutuma ukahukumu?"

"Hapana."

"Rudi."

Nikarudi. Safari hii Marwa mwenyewe alinionea huruma kwa jasho lililokuwa linanitoka, akanikalisha chini, akaniambia polepole. Ng'ombe yule alizaa siku baba yake anakata roho. Watu walikuwa wanalia ndani na ndama anasimama nje. Tangu siku ile, kila akisikia sauti ya yule ng'ombe anamsikia baba yake. Niliporudi nilimsimulia mzee kana kwamba ni mimi niliyefiwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanusa ugoro wake, akasema, "Haya. Sasa tunaweza kumshinda."

Na hapo nilikuwa bado sijaelewa. Nilielewa barazani. Chifu alipomwita msemaji wa Zizi, mzee aliinuka akasema, "Nitaanza na ya mwenzangu." Akaisimulia kesi ya Marwa yote, na yule ndama, na ile sauti, kwa namna ambayo Marwa mwenyewe asingeweza. Akamgeukia. "Nimekusema vizuri?" Marwa akafuta macho, akajibu, "Ndivyo, tata." Tata kwetu ni baba. Ndipo mzee akasema ya Zizi, kwa maneno machache tu: kwamba baba yake Marwa naye alimpokea ng'ombe huyo kutoka kwa mzee aliyekufa kabla yake, na kwamba yupo mzee mwingine anayemngoja. Marwa alishindwa. Lakini ng'ombe alimleta mwenyewe, bila askari, na ndama mmoja Zizi likamwachia kwa heshima ya msiba.

Hiyo ndiyo siri mliyoitaka, kama ni siri. Msemee mwenzako kwanza, na usianze ya kwako mpaka akubali kwamba umemsema vizuri. Nimeifanya mpaka mahakama kuu, majaji wakanitolea macho, mawakili wenzangu wakadhani nimelewa. Mtu akishasikilizwa anaweza kushindwa na bado akakusalimia sokoni.

Wakati mwingine njia hiyo ilimaliza kesi kabla haijaanza. Kanuni ya watunzaji ilikuwa kwamba ng'ombe akifa, ulete ngozi yenye masikio, ili alama ionekane. Mtunzaji mmoja wa Ikoma alileta ngozi nzuri kabisa isiyo na masikio. Alisema ni simba. Mzee akasimama barazani, uso mkavu, akaanza ya mwenzake: "Chifu, huyu bwana anasema simba alikuja. Akamwangusha ng'ombe. Nyama akaiona, maini akayaona, lakini simba huyu si wa nyama. Alitaka masikio. Akala la kulia, akala la kushoto, akaifuta midomo, akaenda zake. Nimekusema vizuri, ndugu yangu?" Yule bwana alijaribu kukaza uso, akashindwa, akaangua kicheko mwenyewe. Ng'ombe alipatikana mzima, na jioni mtunzaji yule alitubebea mzigo mpaka njia panda.

Kulikuwa na kanuni nyingine ndogo ambayo mzee hakuivunja kamwe: usinywe maziwa ya ng'ombe unayemdai. Ukienda kumsikiliza mtu, akikuletea maziwa, shukuru, sema tumbo linakusumbua. Nilizunguka nchi ile nzima nikijulikana kama kijana mwenye tumbo bovu. Baadhi ya wakwe walisita kunipa binti kwa ajili hiyo.

Sasa nakuja kwenye kesi iliyonifanya niwe hivi nilivyo.

Palikuwa na mjane mmoja upande wa Tarime, Wankuru, mke wa mwanachama aliyeitwa Chacha. Chacha alikufa akaacha ng'ombe wa Zizi, mweusi mwenye baka jeupe usoni, na Wankuru akawa anakunywa maziwa yake kama kanuni ilivyosema. Mtoto wa kiume hakuwa naye. Wa kike alikuwa mmoja, naye alikufa. Kwetu mwanamke wa namna hiyo ana njia yake, na wote mnaotoka huku mnaijua: anaoa. Anatoa mahari kama mwanamume, anamleta binti nyumbani, binti anazaa na mwanamume wa pembeni, na watoto watakaozaliwa ni wa nyumba ile, wanaitwa kwa jina la marehemu. Nyumba ntobhu, ndivyo tunavyosema. Wankuru alioa binti aitwaye Robi. Na katika ng'ombe wa mahari aliowapeleka, mmoja alikuwa mweusi mwenye baka jeupe usoni.

Habari zilipofika kwa kamati ya Zizi, palichimbika. Mwenyekiti alikuwa Mzee Gesabo, mchimbaji wa zamani, kifua chake kilisikika kabla yeye hajaonekana. "Akiachiwa huyu mmoja," alisema, "kesho kila mtu atalipia mahari kwa ng'ombe wetu. Zizi limekufa." Na alikuwa anasema kweli. Lakini upande wa pili nao ulikuwa kweli. Kwetu ukimtoa ng'ombe katika mahari, umeivunja ndoa. Robi angerudi kwa baba yake, na alikuwa mjamzito. Mtoto angezaliwa huko, akaitwa jina la huko, na nyumba ya Chacha ingezimika.

Nilimtazama Mzee Nyamhanga nikijua atasimama. Akatikisa kichwa.

"Wankuru ni dada yangu wa ukoo," akasema. "Siwezi kusema dhidi yake, wala kwa ajili yake. Utasema wewe, Mwita."

"Mzee, mimi sijawahi—"

"Na mimi nitakaa nyuma, sitafungua mdomo. Usinitazame."

Nilikwenda kwa Wankuru. Nilimkuta mama mwembamba aliyenyooka mgongo, anapepeta wimbi. Robi alikuwa anasaga, tumbo limeshaonekana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, msemaji wa Zizi. Nimesikia una tumbo bovu." Akacheka. "Leo kunywa bila hofu. Maziwa hakuna." Akanikaribisha uji wa wimbi, mweusi, mtupu. Yeye na Robi walikunywa huohuo.

Nikamwuliza kwa nini alimtoa ng'ombe wa Zizi. Hakukwepa. "Wangu walikuwa hawatoshi," akasema. "Baba yake Robi alitaka idadi itimie, na alikuwa na haki. Maziwa yale, Mwita, ninayanywa mimi. Nikifa yameishia kwangu. Chacha alikwenda kuchimba mashimo ya watu mpaka mapafu yakaoza, akaniachia ng'ombe na jina. Ng'ombe ana wa kumrithi, ni ninyi. Jina lina nani?"

Nilimaliza uji wangu.

Kisha nikamfuata ng'ombe, kwa sababu mzee alinifundisha usidai kitu ambacho macho yako hayajakiona. Hakuwa tena kwa baba yake Robi. Yule naye alikuwa na mtoto wa kiume wa kuozesha, akamtoa ng'ombe yuleyule mahari huko Mbalibali. Nikauvuka Mto Mara penye kina kifupi, baiskeli kichwani, nikiwaombea mamba usingizi, mpaka kwa mzee mmoja aitwaye Sasi. Ng'ombe alikuwa bomani mwake, mnene, masikio yamekatwa ncha, la kushoto limepasuliwa. Sasi alinipokea vizuri mpaka nilipomweleza nilichokuja kutazama.

"Mura, sikiliza," akasema. "Mkimtoa huyu hapa, binti yangu anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Sitaki arudi, namwogopa hata mimi. Lakini mila ni mila."

Kwa hiyo sasa zilikuwa ndoa mbili juu ya ng'ombe mmoja, na mimi ndiye niliyetumwa kumvuta kamba. Nilirudi Tarime nikijua kwamba nikishindwa, Zizi linakufa na wazee wanaokohoa wanabaki na mikono mitupu. Nikishinda, namnyang'anya Robi nyumba na mtoto aliye tumboni jina. Sikumwambia mzee hata neno. Mama Nyangi aliniwekea chakula, akanitazama nisivyokula, akasema tu, "Leo umejifunza kukaa kimya."

Siku ya kesi baraza lilijaa mpaka watu wakachungulia madirishani. Wazee wa Zizi walikaa upande mmoja, wakikohoa kwa zamu. Mzee Nyamhanga alikaa nyuma kabisa juu ya kigoda chake, macho chini. Chifu akaniita. Nikasimama.

"Nitaanza na ya mwenzangu," nikasema.

Nikasema yote. Mapafu ya Chacha, binti aliyekufa, uji bila maziwa, Robi na tumbo lake, jina lisilo na wa kuliita. Nikasema kwa moyo, maana nilikuwa nayaamini. Wanawake madirishani walianza kupiga vigelegele, Mzee Gesabo akanong'ona kwa sauti iliyosikika na wote, "Huyu kijana tumemtuma sisi au amemtuma yeye?" Mwishoni nikaongeza la huruma: kwamba Wankuru ni mama mzee, kwamba huenda hakuelewa vizuri kanuni za Zizi, na alidhani ng'ombe ni wake. Nikamgeukia. "Mama, nimekusema vizuri?"

"Hapana," akasema Wankuru.

Watu wa madirishani wakasukumana wasikie.

"Umenisema vizuri mpaka pale mwisho. Mimi nilielewa. Nilijua ng'ombe si wangu. Masikio yake nimeyashika kila asubuhi nikimkamua, nitakosaje kujua? Usiwaambie watu kwamba mke wa Chacha ni mjinga. Nilijua, na nilimtoa."

Ala! Nimesimama mbele ya mawakili wa Kizungu, wa Kihindi na wa kwetu, wenye vitabu vya kujaza gari. Sijakutana tena na mtu aliyeikataa nafuu yake namna ile, mbele ya watu, kwa sababu haikuwa kweli. Alikuwa amenishinda kwa neno moja, na wakati huohuo alikuwa ameliwekea Zizi kesi nzima mkononi. Chifu akakohoa. "Basi mdaiwa amekiri. Zizi linataka nini? Ng'ombe?"

Nilikuwa niseme ndiyo. Neno lilikuwa mdomoni. Badala yake nikamwuliza, "Mama, ulijua. Ulitegemea kulipa vipi?"

"Wewe ni mtoto wa hapa," akasema. "Ndugu akikutolea ng'ombe wa mahari, anamdai lini?"

Nikajibu nilichojua na ambacho kila mtu mle alikijua. Ndugu hadai kesho. Anangoja mpaka binti wa nyumba hiyo aolewe, na katika mahari ya huyo binti ng'ombe wake anarudi.

"Basi," akasema Wankuru, "Zizi limeniolea mke. Zizi ni ndugu yangu. Lingoje kama ndugu anavyongoja."

Mzee mmoja wa kamati akaruka. "Dawa ya deni kulipa, mama!"

"Sijasema silipi, baba. Nimesema lini."

Niliomba ruhusa nikaongee na watu walionituma. Kumbukeni hilo, vijana: kesi si yako, hata uwe na maneno matamu kiasi gani. Tukatoka nyuma ya baraza, kwenye ukuta, wazee wakanizunguka.

"Na akizaa wavulana watupu?" Gesabo akauliza.

"Zizi litangoja."

"Mpaka lini, mura? Mimi nitakuwa nimekufa!"

"Utakuwa umekufa, mzee," nikasema, na hata sijui niliutoa wapi ujasiri huo. "Sisi sote tutakuwa tumekufa. Lakini Zizi halina kifua cha kukohoa. Mtu hawezi kungoja miaka ishirini. Zizi linaweza, ndiyo maana mliliunda. Tuombe baraza litamke wazi kwamba ng'ombe ni wa Zizi, mtu mwingine asije akarudia. Halafu tungoje."

Wakabishana. Mmoja akasema tumerogwa na yule mama. Gesabo alikuwa ameegemea ukuta, anavuta pumzi kwa shida. Kisha akasema, "Sisi tumechimba mashimo mangapi ambayo dhahabu yake hatukuiona? Ongeza na hili." Akanielekezea kidole. "Lakini Zizi halitampa ng'ombe mwingine. Maziwa yake ameyatumia."

Hilo nalo lilikuwa haki, na lilinichoma. Tukarudi ndani. Nikasema ya Zizi kama nilivyotumwa, na la mwisho pia: kwamba Wankuru hatapata maziwa tena mpaka kufa kwake. Chifu akawauliza wazee wake, wakakubaliana. Akamwuliza Wankuru kama ameridhika.

"Nimeridhika," akasema. "Niliyanywa ya kutosha."

Aliondoka na Robi wakishikana mikono. Mimi, niliyeshinda, ndiye niliyetoka nje kupenga kamasi nyuma ya baiskeli. Mzee Nyamhanga alinifuata na kigoda chake mkononi. Akakiweka chini mbele yangu.

"Kaa," akasema. Nikakaa.

Sasa kichekesho chenyewe. Robi akajifungua: mvulana! Akaitwa Chacha. Wankuru akacheza mbele ya nyumba yake mpaka kamba ya shanga ikakatika, na Zizi likapeleka salamu za pongezi kwa uso uliokunjamana. Mimba ya pili ilipotangazwa, kamati nzima ilikuwa inauliza habari zake kama wakunga. Nadhani katika nchi nzima ya Wakurya hakukuwa na wazee wengine waliokuwa wanamwomba Mungu binti kwa bidii namna hiyo. Miaka ya hamsini ilipokuwa inaelekea mwisho, akazaliwa. Akaitwa Ghati. Gesabo alikuwa bado hai, hoi kitandani. Nilipompelekea habari alicheka mpaka kikohozi kikamshika. "Ndama wetu amezaliwa," akasema. Hakumaliza mwaka.

Mengine mnayajua. Nilikwenda kusoma sheria nikiwa mtu mzima kati ya watoto, nikavaa joho, nikatetea mifuko mikubwa yenye majengo ya ghorofa. Kila mara mtu aliponiambia mfuko wa pensheni ni kitu cha makaratasi, nilimwona Gesabo pale ukutani, anaamua juu ya siku ambayo anajua hataiona. Zizi lenyewe lilikwisha kidogo kidogo. Wanachama walikufa, wezi wa mifugo wakafanya yao, ugonjwa ukafanya yake. Mzee Nyamhanga alipofariki, Mama Nyangi alibaki na ng'ombe wake wa Zizi, hata huyo naye wezi wakamvusha mpaka wa nchi. Sasa anakaa kwa mjukuu wake Mbalibali, anakunywa chai ya rangi. Wankuru alikufa zamani, na hakuwahi kuomba hata kikombe.

Wiki chache baada ya ninyi kunipa ile saa, mtu alibisha hodi hapa kwangu. Alikuwa mwanamume mrefu aliyejaa vumbi, ametembea kutoka Tarime. Alikuwa ameshika kamba, na mwisho wa kamba alikuwepo mtamba. Masikio yote mawili yamekatwa ncha, vidonda bado vibichi. La kushoto limepasuliwa katikati.

"Shikamoo, mzee. Mimi ni Chacha, mjukuu wa Wankuru. Dada yangu Ghati ameolewa. Nimeleta ng'ombe wa Zizi."

Nikamwambia nilichokuwa najua. "Mwanangu, Zizi limekwisha. Wanachama wote wamekufa. Hakuna wa kukudai."

"Bibi alisema mtajibu hivyo," akasema. "Alisema, mwambie Mwita: mimi naye tulikubaliana Zizi litangoja."

Nilimkaribisha ndani, akala, akalala. Asubuhi nikavaa koti la zamani, tukamwongoza mtamba pamoja mpaka Mbalibali. Mama Nyangi alikuwa amekaa nje anaota jua. Macho yake yamefifia, kwa hiyo tulimwinamishia ng'ombe, akapapasa masikio, la kulia, kisha la kushoto. Akakaa nalo mkononi muda mrefu. Alikuwa wa mwisho. Mke wa mwanachama, mjane, mwenye haki ya maziwa mpaka siku yake, kwa kanuni ileile.

"Hajazaa bado huyu," akasema.

"Atazaa, mama."

"Nitangoja." Akaliachia sikio, akanigeukia kule sauti yangu ilikokuwa. "Na mimi nikifa, Mwita, anarudi kwa nani?"

Chacha alinitazama. Mjukuu wake Mama Nyangi naye akanitazama, panga la kukatia majani mkononi, na macho yake yalikuwa tayari juu ya yule mtamba. Nikamwomba yule mjukuu anitafutie kigoda, nikakaa, nikamwambia anieleze ya kwake kwanza.